Nje au ndani? Kobe wachanga watatu wa Ngamiani

Swali: Shikamoo daktari. Niko Ngamiani, Tanga. Babu yangu wa Muheza, mwenye kibali cha kufuga kobe tangu miaka mingi, amenipa kobe wachanga watatu waliototolewa miezi mitano iliyopita. Tunawaweka chumbani kwenye beseni la plastiki, karibu na dirisha la kioo ili wapate jua. Wanakula mchicha na nyanya. Mimi nataka kuwahamishia uani. Mke wangu hataki kusikia: anasema kunguru watawamaliza, masika yanakuja, na ameona video za wafugaji wa Uingereza wanaosema kobe asitolewe nje kabla ya miaka miwili. Halafu yule mdogo kuliko wote siku hizi analala tu, macho yamevimba, na gamba lake ukilibonyeza linabonyea. Tuwatoe au tuwaache ndani?

Jibu: Marahaba mwanangu. Wewe na mkeo mnaweza kusubiri, yule mdogo hawezi, kwa hiyo nianze naye.

Leo hii mtafutie maji ya uvuguvugu, kama yale ya kumwogeshea mtoto mchanga. Yasipite pale gamba la juu linapokutana na la chini, ili kichwa kikae juu bila yeye kuhangaika. Mwache humo dakika 20, jioni umrudishe tena, na kesho hivyohivyo. Mtazame anavyofanya. Kobe mwenye kiu halambi maji kama paka. Hutumbukiza pua na mdomo wote, kisha utaona koo linapanda na kushuka kama pampu. Akishashiba hujisaidia humohumo, na pamoja na kinyesi hutoka kitu cheupe. Kikiwa laini kama dawa ya meno, hali si mbaya. Kikiwa na chembechembe kama chokaa iliyokauka, ujue mwili wake umekuwa ukibana maji siku nyingi, na macho kuvimba kwa kobe wa nchi kavu huweza kuanzia hapo hapo.

Wapo watakaokwambia huo ni upungufu wa vitamini A, achomwe sindano. Usikubali kwa kukisia. Dozi ikizidi kwa kiumbe mdogo kiasi hicho, ngozi hubambuka. Nimewahi kuletewa mmoja ambaye shingo yake ilikuwa kama ya mtu aliyeungua maji ya moto, na aliyemchoma alikuwa na nia njema kabisa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, amshike mkononi, ampe kalsiamu ya kumeza kwa kipimo cha uzito wake.

Sasa gamba. Kobe mwenye wiki mbili gamba lake hunepa kidogo, hasa upande wa tumbo, na hilo halina neno. Wa miezi mitano lake lilitakiwa liwe limeanza kukaza, uligusapo ulihisi kama kucha ya kidole gumba. Kama linabonyea mithili ya jalada la daftari, mifupa imekosa kalsiamu. Na utashangaa nikikwambia kwamba hata ungemjazia kalsiamu kwenye mchicha, isingemsaidia sana, kwa sababu anachokosa zaidi ni jua.

Najua, utasema mmewaweka dirishani. Hapo ndipo mlipokosea, na si ninyi peke yenu. Ndani ya mwanga wa jua mna miale iitwayo UVB, yenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 280 na 315. Miale hiyo ikimgusa kobe, ndipo ngozi yake inapoanza kutengeneza vitamini D3, na bila D3 kalsiamu hupita tumboni ikatoka ilivyoingia. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia karibu miale yote hiyo. Kinapitisha mwanga, kinapitisha joto, kile alichokifuata kobe kinabaki nje. Ni kumnusisha mtu pilau bila kumpakulia. Tena beseni la plastiki dirishani ni hatari kwa upande mwingine: jua la mchana likiliangukia, humo ndani hakuna kivuli wala pa kukimbilia, na kobe ambaye joto la mwili wake limepanda hadi kufikia nyuzi 40 huwa hakai muda mrefu. Liondoeni hapo leo.

Tuje kwenye ugomvi wenu. Waliotoa zile video hawadanganyi, wanasimulia kweli ya kwao. Uingereza miezi mingi nje ni baridi na jua ni hafifu, kwa hiyo mfugaji analazimika kuijenga Afrika ndogo ndani ya sanduku: taa ya joto upande mmoja ifikishe nyuzi 32 hadi 35, taa ya UVB ambayo nguvu yake huisha kimyakimya huku bado inawaka, ndiyo maana huibadilisha kila baada ya miezi 6 mpaka 12, kipimajoto huku, kipimaunyevu kule. Fedha nyingi, na yote yanataka umeme usiokatika. Sisi Afrika yenyewe iko mlangoni. Kaskazi ikivuma, mchana wa Tanga hufika nyuzi 32 au 33. Kusi ikishika, usiku wa Julai hushuka hadi kama 20. Kwa kobe wa nchi hii, mradi halali amelowa, hiyo si baridi ya kuwashiwa taa. Angalia wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Unguja, ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Mwaka mzima wako nje.

Basi umeshinda? Ngoja kwanza.

Miaka yangu ya mwanzo hapa Raskazone nilikuwa na uzio mzuri wa matofali, nikijisifu nao kwa kila mgeni. Masika yakaingia, na usiku mmoja wa mvua siafu wakahama. Asubuhi nilikuta mstari wao, upana wa vidole viwili, umepanda ukuta, umeingia kwenye uzio na kutokea upande wa pili, wanatembea kwa nidhamu ya gwaride. Nilikuwa na kobe wachanga wanne humo. Wawili nilikuta magamba matupu, safi kama yamesuguliwa kwa brashi ya meno. Wawili walipona kwa sababu tu walikuwa wamelala juu ya kipande cha kigae kilichokaa katikati ya sahani ya maji. Hiyo ilikuwa bahati. Akili ilikuja baadaye, nilipokumbuka kabati la vyakula la bibi yangu, miguu yake minne imesimamishwa ndani ya mikebe ya maji, na sisimizi wanazunguka pembeni wanatamani sukari.

Ndiyo maana nawaambia watu kwamba nyumba ya Tanga haimkingi kobe mchanga na baridi, inamkinga na midomo. Siafu ni mmoja. Kunguru huyu wa shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 kisha akaenea pwani yote, mkeo ana haki kabisa ya kumwogopa. Anajifunza saa unayoingia ndani kufuata chai. Akishuka huanza na macho na miguu. Kenge hupita uani hata mjini. Nguchiro yupo. Panya usiku hutafuna miguu ya kobe aliyelala, na kobe hana sauti ya kukuita. Porini jike la kobe chui hutaga mara kadhaa kwa msimu, mayai hata 20 kwa mara moja, na sababu ni hiyo: wengi huliwa wangali wadogo. Wewe una watatu tu.

Kwa hiyo mwambie mkeo yeye ameshinda usiku, wewe umeshinda mchana. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni wawe nje, ndani ya kizimba chenye kifuniko. Jua likielekea kuzama waingie kwenye sanduku lao ndani ya nyumba au barazani. Hivyo mpaka wakue.

Kabla hujaita fundi, nambie ni kobe gani hao, maana hukusema, na mnyama mwenye njaa hula anachopewa, mchicha na nyanya havinisaidii kumtambua. Kama ni wa manjano iliyofifia au rangi ya majani makavu, na kila kigae cha gamba kina doa jeusi moja au mawili, huyo ni kobe chui, na mengi ninayoandika hapa yanamhusu yeye. Kama ni wa kahawia, mgongo umelala kidogo, huenda ni kobe wa bawaba, yule ambaye akikomaa sehemu ya nyuma ya gamba lake hufunga kama mlango. Kwa mtoto bawaba hiyo bado haijajitokeza, usiitafute. Kobe wa bawaba ni wa vichaka na mashamba yenye kivuli, anapenda unyevu, hula uyoga, konokono, jongoo na matunda yaliyodondoka. Ukimweka kwenye kizimba cha jua kali atakauka. Chake kijengwe chini ya mwembe. Na kama kwa ajabu ya Mungu ni bapa kabisa kama chapati, mwenye gamba jembamba, huyo ni kobe wa kwenye nyufa za miamba, ambaye mwaka 2019 alipandishwa kwenye orodha ya ulinzi mkali kuliko zote ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Huyo mrudishe kwa babu yako jioni hii.

Na hata hao wengine, kibali cha babu kinamhusu babu. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa, na kobe hata awe mdogo kama kisoda ni mnyamapori. Nenda ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, au kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri, ueleze wametoka wapi, uandikishwe. Fanya hivyo kabla ya kununua hata tofali moja.

Kizimba chenyewe kwa watatu, mita mbili kwa moja kinatosha mwaka huu na ujao. Kuta ziwe kozi mbili za matofali ya saruji, ya chini ichimbiwe nusu ardhini. Usizungushe wavu pembeni. Kobe haelewi kuzuiwa na kitu anachoona ng'ambo yake, atasukuma kutwa nzima mpaka pua ichubuke. Ukuta usiopenya macho humtuliza, akiufika anageuka. Juu weka fremu ya mbao yenye wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi, na komeo. Waya wa kuku usitumie: tundu lake mdomo wa kunguru hupita bila shida, na panya mdogo pia. Nusu ya kifuniko ifunike kwa makuti, nusu iache wazi.

Hapo kwenye kivuli ndipo mafundi wengi huharibu. Kivuli hutembea. Kabla ya kujenga, simama mahali hapo saa tatu asubuhi, saa sita, na saa kumi, uone jua liko wapi. Unataka mahali panapopata jua la asubuhi kwa ukarimu na panapofunikwa na kivuli cha ukuta au mti kuanzia adhuhuri. Saa saba ya mwezi wa Februari, kizimba kisicho na kivuli ni kikaango.

Nyua nyingi za Ngamiani zimesakafiwa. Kama wako ni hivyo, usihangaike kuvunja, jaza udongo juu yake sentimita 15: udongo mweusi wa shamba sehemu mbili, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa sehemu moja. Mchanga wa ufukweni achana nao, una chumvi. Wafugaji wa Ulaya hununua makumbi haya yamesagwa na kugandamizwa kama matofali, yamesafiri bahari nzima. Wewe muuza nazi atakushukuru ukimwondolea. Kisha panda. Matembele yatambae kona moja, nyasi kona nyingine, na katikati lalisha nusu ya mtungi uliovunjika, mdomo wake uelekee kivulini. Watajificha humo, na utaniandikia tena kulalamika kuwa huwaoni. Usiwaone! Kobe mchanga porini hushinda chini ya majani, anatoka kidogo kuota jua, anakula, anarudi. Anayezurura uwanjani mchana kutwa mara nyingi ni yule aliyekosa pa kujificha.

Hili la kujificha lina faida ya pili, ambayo sisi wafugaji wa zamani tulichelewa kuijua. Umewahi kuona kobe ambaye gamba lake lina vilima, kila kigae kimesimama kama kichuguu? Tulikuwa tukiambiwa ni protini nyingi. Mwaka 2003 watafiti wa Vienna, Austria, walichapisha matokeo ya kuwalea kobe wachanga wa Afrika, wale wa kingo za Sahara, kwa vyakula vyenye protini tofauti na kwenye unyevu tofauti, na kilichoonekana kuamua vilima zaidi ya chakula ni ukavu wa hewa. Tanga hewa yetu ni nzito ya unyevu, utasema hilo halituhusu. Linatuhusu, kwa sababu kobe haishi kwenye hewa ya mita moja na nusu unayopumua wewe. Anaishi sentimita tano kutoka ardhini. Uwanja mtupu wenye jua na upepo wa bahari hukauka huko chini kama kaa la moto, na chumba chenye pangaboi linalozunguka usiku kucha hukauka zaidi. Chini ya matembele na ndani ya mtungi, udongo hubaki na ubichi. Nyunyiza maji upande mmoja wa kizimba kila asubuhi, upande wa pili uache mkavu, achague mwenyewe.

Chombo cha maji kiwe mfuniko wa chungu, kina chake sentimita moja na nusu tu. Kobe aliyepinduka ndani ya maji ya kina kifupi sana bado anaweza kufa maji, na wachanga hupinduka hovyo wakipandiana.

Sanduku la usiku ni jepesi kutengeneza. Kreti ya mbao yenye mfuniko wa wavu uleule wa nusu inchi, ndani udongo na makumbi yenye ubichi wa kushika mkononi yasitoe tone, juu majani makavu wajifukie. Likae juu ya stuli au meza, na kila mguu wa meza usimame ndani ya mkebe wa maji yenye sabuni kidogo. Maji hukauka, kwa hiyo jioni moja kwa wiki yajaze. Hakikisha pia pazia au fimbo ya ufagio haiegemei meza hiyo, siafu hawana haja ya mguu wakipata daraja.

Masika nayo yana utaratibu wake. Mvua ya dakika 15 halafu jua, waache, wananywa na kunawiri. Mvua ya kutwa nzima ya mwezi wa tano, udongo ukiwa tope na jua halijaonekana, wabaki ndani siku hiyo. Siku mbili tatu bila jua hazimuui kobe. Kinachomuua ni kulala amelowa kwenye upepo siku baada ya siku: utaona povu puani, utasikia mlio kama filimbi anapovuta pumzi, na hapo ni daktari. Kizimba kiwe na tundu la kutolea maji, limezibwa kwa wavu.

Siku atakapobaki ndani, msimwachie sakafuni. Vigae vinateleza, miguu inatanuka pembeni kabla mifupa haijakomaa, na chini ya kitanda kuna nywele, nyuzi na vipande vya mifuko ambavyo atavimeza vyote. Abaki kwenye kreti.

Chakula: nyanya acha kabisa kwa kobe chui, ni maji matamu tu. Mchicha si sumu, ila una oksaleti, ambayo hushikana na kalsiamu na kuizuia isiingie mwilini, na wewe umewalisha huo miezi mitano mfululizo bila jua. Hesabu hiyo ndiyo iliyomlaza mdogo wako. Mpe mchicha mara moja kwa wiki ukitaka. Siku nyingine mpe nyasi laini zilizokatwakatwa, mchunga, matembele, majani ya mlonge, na majani na maua ya hibiskasi, lile ua jekundu la uani. Mchunga kwetu ni mboga ya wazee, uchungu wake unawakimbiza vijana, lakini kobe huufuata kutoka kona ya pili. Majani uliyochuma kando ya barabara yaoshe vizuri, na usichume panapopuliziwa dawa. Ugali, wali, mkate, nyama, maharage, hapana. Wageni hupenda kuwapa mkate kwa sababu unaliwa haraka.

Kalsiamu ya ziada huna haja ya kuinunua. Jumapili tembea ufukweni maji yakitoka, okota mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi kama sponji unaotupwa na bahari. Uloweke maji baridi siku mbili, ukibadilisha maji, uanike, kisha uweke mzima kizimbani. Watautafuna wenyewe kadiri mwili unavyotaka. Wakwangulie pia kidogo juu ya majani, hasa kwa mdogo.

Kama kuna watoto nyumbani, wanawe mikono kwa sabuni kila wakigusa kobe au maji yake. Kobe mzima kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuumwa. Marekani ilipiga marufuku kuuza kasa na kobe wenye gamba chini ya inchi 4 tangu mwaka 1975 kwa sababu hiyo, watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Beseni la kuogeshea kobe lisiwe la kuoshea vyombo, mkeo atakubaliana na mimi hapo bila mjadala.

Na kupe: babu akikuletea kobe mwingine kutoka shamba, mpekue kwenye mikunjo ya miguu na shingo kabla hajachanganyika na wenzake, na akae peke yake miezi mitatu. Kupe wa kobe wa Afrika waliwahi kuifanya Marekani izuie kuingiza kobe chui mwaka 2000, kwa kuhofia ng'ombe zao kupata ugonjwa wa moyo kujaa maji. Mbuzi wa jirani yako hawana tofauti na ng'ombe hao.

Lini sasa walale nje? Miaka miwili ya zile video ni kipimo cha kule, mimi sitazami umri. Natazama ukubwa. Gamba likifika sentimita 12 hivi, gumu pande zote, na uzito umekaribia nusu kilo, kunguru hawezi tena kumgeuza na panya hapati pa kuanzia. Wengine hufika hapo kwa miaka miwili, wengine minne, na anayekua taratibu si mgonjwa. Hata wakati huo kibanda cha usiku chenye mlango kibaki, na mikebe ibaki, kwa sababu siafu hawajali sentimita.

Usiwahamishe kwa mkupuo. Wiki ya kwanza asubuhi tu, kwa muda wa saa mbili, wiki ya pili mpaka adhuhuri, wiki ya tatu kutwa. Yule mdogo asiingie kizimbani na wenzake kwa sasa, watampanda na kumnyang'anya chakula. Mtoe peke yake kwenye nyasi, saa mbili mpaka saa nne asubuhi, nusu juani nusu kivulini, na ukae naye. Chukua daftari na mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Wakubwa mara moja kwa wiki, yeye kila baada ya siku mbili. Mpime asubuhi kabla hajaogeshwa, maana akishakunywa anaongezeka gramu mbili tatu za maji na utafurahi bure.